Muulize Fundi: Usiuzibe huo mpasuko!

Toleo lililopita nilitupia picha moja na sentensi mbili tu, kwamba zamani majeshi yalikuwa na mashine za kubeba za kunusa redio ya adui iko upande gani, alafu nikarudi kwenye habari zangu za spika. Kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Meseji zimekuja mpaka simu inapata moto, wengine wanauliza mambo ya vita, wengine mashine yenyewe wanayo ndani wanataka kuiwasha, na kuna mmoja anataka nimtafutie simu yake iliyoibiwa. Basi leo ni hizo tu, spika zitasubiri. Majina siweki, mji unatosha.

MKENYA ALIYE BIRMINGHAM

Fundi, sasa? Niko huku Uingereza. Kuna mzee jirani alikufa, watoto wake wakawa wanaondoa vitu kwa garaji nikanunua sanduku la jeshi la kijani kwa paundi kumi na tano, liko na ringi kubwa ya bomba hapo juu inazunguka, na chini yake kuna sahani ya digrii 0 mpaka 360. Kibao cha jina kilifutika. Shida ni moja, hiyo ringi hapo juu kabisa imekatika, kuna nafasi kama ya kidole imejazwa kitu nyeusi kama raba. Nataka kutoa hiyo raba niichomelee vizuri kabla sijawasha. Nitumie lehemu ya kawaida ama nipeleke kwa mtu wa welding?

FUNDI: Weka hiyo lehemu chini bwana, tena iweke chumba kingine kabisa! Hiyo ringi haijakatika, imezaliwa hivyo. Nimeshaona watu wawili wameua mashine nzuri kwa wema huo huo wa kuziba mpasuko na wote walikuwa mafundi wanaojua kazi, ndo maana nakujibu wewe wa kwanza.

Iko hivi. Antena yenyewe sio hilo bomba, antena ni waya uliozungushwa ndani ya bomba, sisi tunaita kitanzi. Bomba ni koti tu. Wimbi la redio lina sehemu mbili zinazosafiri pamoja, ya umeme na ya sumaku, na kitanzi kinatakiwa kisikie ile ya sumaku peke yake, maana ile ya umeme inaingia kutoka kila upande na kukuvurugia kipimo. Bomba linaizuia hiyo ya umeme. Sasa ukilifunga bomba likawa duara kamili linageuka kuwa mzunguko mmoja wa shoti, mkondo unazunguka humo humo kwenye bomba na kulifuta wimbi la sumaku lililokuwa linaenda kwenye waya, unabaki na ringi nzuri inayong'aa ambayo ni kiziwi. Kwa hiyo ule mpasuko na hiyo raba yake ndo pumzi ya mashine. Kama raba imeoza badilisha kwa plastiki ngumu, lakini chuma kwa chuma visigusane.

Kabla ya kuwasha fungua kifuniko uangalie valvu, vile vya kioo vinavyokuza ishara. Ukiona vichupa vidogo vya kioo vyenye pini saba vimeandikwa 1T4, 1R5, 1S5 au 3S4, una bahati, hizo ni valvu za betri zilizotoka Marekani karibu na mwanzo wa vita ya pili na mpaka leo zinapatikana kwa bei ya kawaida. Nyuzi zake za kupashia moto zinataka volti 1.4 tu, betri moja kubwa ya tochi inatosha. Ila kuna betri ya pili, ya volti 67.5 au 90, hiyo dukani usijisumbue kuitafuta. Chukua betri kumi za volti 9, zile za mraba za kwenye mita na maikrofoni, zipange mkia kwa kichwa upate 90. Kama mashine yako inataka 67.5 weka saba, zitakupa 63 na itafanya kazi bila kulalamika. Sasa tafadhali sikiliza, hiyo 90 inauma, usiishike ukiwa umekumbatia chuma, na ukikosea ukaipeleka kwenye nyuzi za volti 1.4 utaona mwanga mmoja mzuri sana na valvu zote zimekwenda. Pima waya mara mbili kabla ya kuunga. Alafu kapasita zile za karatasi zilizozamishwa kwenye nta, za rangi ya kahawia, badilisha zote bila kuzihurumia, zinavujisha umeme hata zikionekana nzima.

La mwisho. Kama sahani ya digrii au sindano ya mita ina rangi ya njano au kahawia iliyochakaa, ile ya kung'aa gizani, usiikwangue wala usiipulize. Zamani rangi hiyo ilichanganywa na radiamu. Kuacha kung'aa haimaanishi imekufa, kilichokufa ni ile kemikali inayotoa mwanga, radiamu yenyewe inachukua miaka 1,600 kupungua nusu tu. Ikiwa nyuma ya kioo chake iache hapo hapo, nawa mikono, na watoto wasiichezee.

MWANAFUNZI, IRINGA

Shikamoo fundi. Mimi niko fomu foo. Sielewi mashine inajuaje redio iko wapi wakati mawimbi yanaenda kila mahali. Ticha wa fizikia alisema inapima nguvu, ukisogea karibu nguvu inaongezeka. Ni kweli?

FUNDI: Marahaba mwanangu. Ticha hajakosea ila hiyo ni njia ya uvivu, kwa sababu nguvu inaongezeka hata ukipanda kilima. Kazi yenyewe haifanywi na nguvu, inafanywa na ukimya.

Tafuta redio ndogo yenye AM, sio ya simu, ile ya betri ya nyumbani kwa bibi. Ndani yake kuna fimbo nyeusi ya feraiti imezungushiwa waya, imelala kwa urefu wa redio. Hiyo fimbo ni ndugu wa ringi ya yule wa Birmingham. Ifungulie stesheni ya AM mchana, sio FM maana FM inatumia ile eriali ya kuvuta, alafu shika redio kama sinia na uizungushe polepole. Utasikia sauti inashuka, inashuka, kuna sehemu inakaribia kufa, ukipitiliza kidogo tu inarudi. Pale inapokufa fimbo imeielekea stesheni, kama kidole kinachoonyesha. Kwa ringi ni vile vile, inanyamaza pale uso wake unapoitazama stesheni, yaani ukichungulia katikati ya ringi kama dirishani unaiangalia stesheni yenyewe.

Kwa nini ukimya na sio kelele? Jaribu utaona. Upande wa kelele ni mpana, unazungusha digrii ishirini thelathini sikio halitambui tofauti. Upande wa ukimya ni mwembamba, digrii mbili tatu unazisikia. Ndo maana askari wa mashine hizi kwenye picha za zamani ana hedifoni na macho kayafumba, anatafuta mahali pasiposikika kitu, kazi ya ajabu kidogo ukifikiria.

Ila umepata mstari tu, hujapata mtu. Na mstari una ncha mbili, redio inaweza kuwa mbele yako au nyuma yako, ukimya ni ule ule. Hapo mashine inaongezewa kijiti kimoja cha antena cha kusimama wima. Unapata ukimya kwanza, unazungusha ringi robo, unabonyeza swichi inayounganisha kijiti, upande mmoja sauti inapanda na mwingine inashuka, umejua mbele ni wapi. Watu wa haraka walisahau hiyo swichi na wakatembea nusu siku wakiipa mgongo redio waliyokuwa wanaitafuta.

Alafu unahama au mwenzako anapima akiwa sehemu nyingine, mnachora mistari kwenye ramani, inapokatiza ndo penyewe. Mistari mitatu ni bora kuliko miwili, na karibu kamwe haikutani nukta moja, inachora kipembetatu na wewe unamtafuta mtu wako mle ndani au jirani. Fanya hesabu hii na ticha wako: ukikosea digrii 1 kwa mtu aliye kilomita 57 umekosea kilomita 1 nzima, ukikosea digrii 5 kwa mtu aliye kilomita 10 umekosea mita kama 870, na mita 870 mjini ni mitaa mingapi hiyo? Mwaka 1916 stesheni za pwani za Waingereza ziliona ishara ya meli ya Wajerumani pale Wilhelmshaven imehama kama digrii moja na nusu tu, wakajua meli zinatoka bandarini, wakatoa na zao na vita ya Jutland ikapigwa siku iliyofuata. Lakini hizo zilikuwa mashine kubwa zimesimikwa pwani, sio za kubeba mgongoni.

Jaribio lako fanya mchana nimesema. Usiku stesheni za AM za mbali zinakuja kwa kudunda juu angani, wimbi linashuka kwa mshazari na limejipinda, ukimya unakuwa kama uji, haupo hapa wala pale. Tatizo hilo liliwasumbua sana watu wa mwanzo mpaka Mwingereza anaitwa Frank Adcock akasajili dawa yake mwaka 1919, akaacha ringi kabisa akatumia nguzo za kusimama wima. Nzuri sana ila ni msitu wa nguzo, kubeba ni shughuli. Kama kwenu AM haisikiki tena, washa redio karibu na taa ya LED ya bei rahisi au chaja ya simu ya mtaani, utasikia inavyokoroma. Tafuta nayo ni chaja gani ya jirani inayokuharibia redio. Ukishaijua usimwambie nimekutuma mimi.

DADA WA MOROGORO

Fundi mi napenda muvi za vita ya pili. Kuna moja Mjerumani anatembea barabarani amevaa koti refu anaangalia saa ya mkononi kumbe anapima redio. Nikamwambia mume wangu ni uongo wa sinema akabisha. Nani mkweli?

FUNDI: Pole dada, shemeji kashinda hii. Kitu hicho kilikuwepo, Wajerumani wenyewe walikiita Gürtelpeiler, yaani kipima mwelekeo cha mkanda. Ni risiva, yaani mashine ya kupokea tu, bapa na iliyopinda kufuata kiuno, inavaliwa chini ya koti, kitanzi chake kinazunguka mwili, na mita yake ya sindano imetengenezwa kama saa ya mkononi. Askari anapita mtaani kama mtu aliyechelewa miadi, anaangalia saa, anageuka kidogo, anaangalia tena.

Lakini muvi zinakudanganya sehemu nyingine, zinaonyesha kama yule wa mkanda ndo alikuwa anafanya kila kitu. Hapana, yeye alikuwa mtu wa mwisho kwenye foleni. Mwanzo wake ni stesheni kubwa za mbali sana. Jasusi aliyeko Paris anaongea na London kwa mawimbi mafupi, na mawimbi hayo yana tabia ya ajabu, yanaruka juu angani na kushuka mbali, wakati yale yanayotambaa ardhini yanakufa baada ya kilomita chache, kwa hiyo London wanamsikia vizuri na mtu aliye mtaa wa mbali wa Paris hiyo hiyo anaweza asisikie kitu. Stesheni za mbali zikishasema yuko mji fulani, zinakuja gari zenye ringi iliyofichwa kwenye paa, hizi zinafukuzia lile wimbi la kutambaa mpaka mtaa. Ila gari mtaani usiku linaonekana, lina watu wanaolichungulia dirishani. Hapo ndo anashuka mtu wa miguu, ana mashine kwenye begi la safari au kiunoni, anatafuta nyumba.

Mfano ninaoukumbuka kila mara ni Brussels. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Disemba 1941 Wajerumani walivamia nyumba namba 101 mtaa wa Atrébates, humo walikuwa watu wa mtandao wa kijasusi wa Urusi ambao Wajerumani waliubatiza jina la Rote Kapelle. Walipatikana kwa njia hii hii, kutoka mbali mpaka mlangoni. Na kosa lao halikuwa la kiufundi, Moscow iliwapa kazi nyingi mno, redio ikawa hewani saa nyingi kila usiku kutoka nyumba ile ile. Hata mimi na hii redio ya feraiti ningewapata, nikipewa muda wote huo.

Inasimuliwa pia walikuwa wanakata umeme mtaa kwa mtaa, redio ikinyamaza wanajua ni mtaa gani. Dawa yake ilikuwa betri, lakini fikiria, seti ya jasusi ya Waingereza inaitwa B2 ilikuwa kwenye sanduku la nguo na uzito kama kilo 15 hivi, uongeze na betri ya gari, alafu utembee nayo kwenye treni ukitabasamu. Noor Inayat Khan, jasusi wa Waingereza, aliingia Ufaransa Juni 1943 kama opereta wa redio, wenzake wakakamatwa karibu wote, yeye akabaki Paris miezi kadhaa anahama hama na sanduku lake, anatuma, anaondoka. Mashine hazikumpata. Alikamatwa Oktoba kwa sababu mtu alimuuza, akauawa kambi ya Dachau Septemba 1944. Shemeji akikubishia hilo mwambie aniandikie.

KIJANA WA MANZESE

Fundi hiyo mashine naweza kuitumia kutafuta simu yangu? Imeibiwa Jumapili.

FUNDI: Hapana mdogo wangu. Mashine hizi nyingi zinaishia megahezi 30, simu yako inaongea juu ya 700 huko, ni sawa na kutafuta samaki kwa wavu wa magoli. Nenda polisi na IMEI. Pole.

MZEE WA MWANZA

Ndugu fundi, mimi ni mstaafu wa jeshi, nilikuwa signo, mtu wa mawasiliano. Ile picha ya toleo lililopita ilikuwa na maandishi AN/PRD-1. Zamani tulifundishwa kwamba herufi zina maana lakini nimesahau. Na je, mashine hii iliwahi kwenda vitani kweli au ilikuwa ya maonyesho?

FUNDI: Shikamoo mzee wangu. Herufi zina maana ndiyo, ni mfumo wa Wamarekani. AN ni Jeshi na Navi kwa pamoja. P ni ya kubebeka, R ni redio, D ni ya kutafuta mwelekeo, 1 ni ya kwanza ya aina yake. Zile za zamani zaidi zilianza na SCR, kwa mfano SCR-504 ambayo ilikuwa imefichwa ndani ya sanduku kama la msafiri.

Na vitani ilikwenda mzee, tena kwa huzuni. PRD-1 inasikiliza kutoka kilohezi 100 mpaka megahezi 30, inasimama kwenye miguu mitatu, unaita ya kubebeka lakini kila mtu aliyeibeba alikuwa na maoni yake kuhusu hilo neno. Mwaka 1961 Wamarekani waliipeleka Vietnam na kikosi kilichopewa jina la kupoteza maboya, 3rd Radio Research Unit, eti utafiti wa redio, kumbe kazi ni kusikiliza na kutafuta redio za Vietcong, wapiganaji wa kikomunisti wa huko. Sasa unajua mwenyewe msitu wa unyevu unavyomeza lile wimbi la kutambaa, na redio za wale jamaa zilikuwa ndogo, za nguvu kidogo. Ili mashine isikie kitu lazima uisogeze karibu. Karibu na nani? Na adui. Hii ndo laana ya mashine hizi zote toka mwanzo, ukipata ukimya mzuri kwenye hedifoni ujue umeshaingia kwake.

Tarehe 22 Disemba 1961 opereta mmoja, James T. Davis, cheo chake Specialist 4, alitoka Saigon na lori akiwa na askari wa Vietnam Kusini na mashine ya PRD-1 kwenda kupima. Hawakufika mbali, magharibi ya mji lori lilikanyaga mtego wakashambuliwa, akafa pale. Baadaye Rais Johnson alimtaja kama Mmarekani wa kwanza kuanguka katika vita ile, ingawa kuna Wamarekani waliokuwa wameshauawa huko kabla yake, na kambi ya kikosi chake pale uwanja wa ndege wa Tan Son Nhut ikaitwa Davis Station. Jeshi lilielewa kwamba kumpeleka mtu na ringi mguuni mwa adui ni hesabu mbaya, mwaka 1962 wakaanza kufunga vifaa vya kupima kwenye ndege ndogo aina ya Beaver. Juu angani msitu hauli wimbi, na ndege inapima mara nyingi kutoka sehemu nyingi wakati wa chini anahangaika na kipimo kimoja. Wa ardhini waliendelea lakini mzigo mkubwa ulihamia hewani.

Kwa maoni yangu, na wewe signo utanisahihisha, mashine ilikuwa nzuri, aliyeipangia kazi ndo alikosea.

MAMA WA KISAUNI, MOMBASA

Hujambo fundi. Marehemu babangu alikuwa akitwambia Waingereza wakati wa vita walijaza mitambo ya redio pale skuli ya Allidina Visram wakisikiliza Wajapani. Sisi tulidhani ni hadithi za kutuliza watoto. Je ni kweli ama ni porojo?

FUNDI: Sijambo mama. Babako alisema kweli tupu. Waingereza walikuwa na ofisi ya Mashariki ya Mbali ya kunasa na kufungua kodi, yaani maandishi ya siri, za Wajapani, ilianza Hong Kong, ikahamia Singapore, Singapore ilipokaribia kuanguka wakakimbilia Colombo, na Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Colombo kwa ndege wakafungasha tena mpaka Kilindini. Mahali walipopewa ni hiyo hiyo skuli ya Allidina Visram inayotazama bahari. Mwaka huo huo wa 1942, kwa sababu ya uzembe wa Wajapani wenyewe, watu wa Kilindini waliweza kuifungua kodi ya meli za biashara za Japani, ile inayoitwa JN-40, wakawa wanajua meli ya mizigo iko wapi na inakwenda wapi. Mwaka 1943 wakarudi Colombo, moja ya sababu ni kwamba Mombasa iko mbali mno na Japani na ishara zilikuwa hafifu.

Tofauti na Wajerumani waliowasaka wale wa Brussels, hawa wa Kilindini walisoma barua zenyewe, wakati mwenye ringi hasomi kitu, anajua tu mwenye barua kakaa wapi. Adui akibadilisha kodi wewe wa kusoma umefungiwa mlango miezi, wa ringi haimhusu, aongee Kijapani aongee Kimakonde, mradi amefungua mdomo. Ningependa kujua kama babako alikuwa mfanyakazi pale au mpita njia, kama kuna picha nyumbani tafadhali usiitupe.

FUNDI MWENZANGU, KAMPALA

Fundi nina wazo la biashara. Niagize hizi mashine za jeshi toka nje niuze kwa watu wanaopenda vitu vya kale. Unaonaje?

FUNDI: Soko ni dogo ndugu yangu, watu kumi Afrika Mashariki nzima na wanne wao hawana hela. Alafu sanduku la kijani lenye ringi na maandishi ya jeshi ukifika nalo forodha bila karatasi utaeleza mpaka jioni. Ukiagiza hata moja anza na mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kabla hujalipa, Kenya ni CA, Tanzania TCRA, Uganda UCC, na muuzaji akuandikie ni risiva ya kale isiyotuma. Ile inayotuma ina masharti mengine kabisa.

Kama unataka hela tengeneza za mchezo. Kuna mchezo wa maredio unaitwa kuwinda mbweha, transmita tano, ndo mbweha wenyewe, zinafichwa msituni, kila moja inaita dakika moja kwa zamu ndani ya mzunguko wa dakika tano, wachezaji wanakimbia na vipima mkononi kwenye megahezi 3.5 au 144, mwenye kuzipata upesi kashinda. Mashindano ya dunia yalianza 1980 huko Poland. Kipima cha 3.5 unakitengeneza kwa fimbo ya feraiti na transista chache, watoto wa skuli wanakigombania. Mimi nilijaribu na vijana wa mtaani kwangu, mbweha nikamficha kwenye banda la kuku, wakamkuta baada ya dakika arobaini, mmoja alikuwa ameshabisha hodi nyumba nne.

ASKARI WA WANYAMAPORI, KARATU

Fundi salama? Sisi huku tunatumia antena ya miiba kama ya TV kutafuta wanyama wenye kola. Ni mashine hizo hizo ulizosema? Na kwa nini tukifika karibu inapiga kelele kila upande hatujui simba yuko wapi? Juzi tulizunguka kichaka saa nzima.

FUNDI: Salama kamanda. Ni ukoo mmoja ila nyinyi mmegeuza kazi, wa ringi anatafuta ukimya, nyinyi wa miiba mnatafuta kelele, maana antena yenu inavuta sana kwa mbele. Na huko kwenu ni nyumbani kwa shughuli hii, Iain Douglas-Hamilton aliwavalisha tembo kola za redio pale Ziwa Manyara toka mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kelele kila upande ni risiva imeshiba. Umekuwa karibu mno, ishara ni kubwa hata antena ikiangalia pembeni inasikia kikomo. Punguza geini, yaani usikivu wa risiva, mpaka msikie kwa shida, alafu zungusha. Bado inapiga kila upande, chomoa antena kabisa mbaki na risiva na kipande cha waya. Bado? Hapo fanyeni kama yule Mjerumani wa koti. Ikumbatie risiva kifuani na ugeuke polepole mwili mzima. Mwili wako umejaa maji unakinga wimbi, kuna upande sauti itazama. Ukifika hapo simama, simba yuko mgongoni kwako.